Estrogeni na Tumbo: Swali Lililoanzia Kwenye Titi

Soko la Darajani, Unguja, lilipojengwa mwaka 1904, daktari mmoja wa Glasgow alikuwa ameshawashangaza wenzake. Mwaka 1896 George Beatson aliandika kwamba saratani ya matiti ya baadhi ya wanawake ilinywea baada ya kuondolewa ovari. Ovari zilikuwa zikipeleka nini kwenye titi, hakujua. Homoni ya estrogeni ilikuwa haijagunduliwa bado.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Chicago, Elwood Jensen aliitia estrogeni alama ya mionzi, kisha akaifuatilia ndani ya miili ya panya. Kwenye misuli ilipita tu. Kwenye mfuko wa uzazi ilibaki. Seli za huko zilikuwa na protini ya kuishika, yaani kipokezi. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya kujua ni mgonjwa yupi atafaidika na tamoksifeni, dawa inayokiziba kipokezi hicho na ambayo leo hutumika hata katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanakopelekwa wagonjwa wa saratani kutoka Unguja.

Na tumbo je? Duniani kote, saratani ya tumbo huwapata wanaume takriban mara mbili ya wanawake, na sigara haielezi tofauti yote. Miaka ya 1980 watafiti wa Japani walikuta vipokezi vya estrogeni katika baadhi ya uvimbe wa tumbo. Matumaini yakapanda. Madaktari wa Uingereza wakawapa wagonjwa tamoksifeni, lakini haikuwarefushia maisha.

Naamini walianza na dhana isiyo sahihi: kwamba estrogeni ikidhuru titi, basi hudhuru kila mahali. Mwaka 1996 timu ya Jan-Åke Gustafsson, Sweden, ilitangaza kipokezi cha pili, beta, ambacho tumboni huonekana zaidi kuliko kile cha kwanza. Mwaka 2004, Sweden hiyohiyo, ilibainika kuwa wanaume wenye saratani ya tezi dume waliotibiwa kwa estrogeni walipata saratani ya tumbo kwa uchache kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2007, Marekani, homoni hiyohiyo iliwakinga dhidi ya saratani ya tumbo panya dume walioambukizwa bakteria Helicobacter pylori. Kumbe tumboni yaelekea estrogeni hulinda, na wanawake ambao hedhi yao hukoma mapema huonekana kuwa katika hatari zaidi.

Hata hivyo, hadi leo hakuna tiba ya homoni iliyothibitishwa kwa saratani ya tumbo. Kinachotibika ni bakteria huyo, aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren, Australia, mwaka 1982, na kutajwa mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani. Amejaa Afrika Mashariki. Chumvi nyingi humsaidia kuudhuru utando wa tumbo, na hapa Darajani papa mkavu na ng'onda ni vitoweo vya chumvi tunavyovipenda. Sisemi tuviache, bali tuviroweke vizuri, na visiwe vya kila siku.

Ninaowahofia zaidi ni wanaume wa makamo wanaonunua dawa ya kiungulia wiki baada ya wiki wakisema ni vidonda vya tumbo tu. Dawa hiyo huweza kutuliza hata maumivu ya saratani kwa muda, huku uvimbe ukiendelea kukua. Baba anayekonda bila sababu, anayeshiba kwa matonge mawili au anayepata choo cheusi aende hospitali wiki hiihii, aombe tumbo lake liangaliwe kwa kamera.