Ushindani wa Ujerumani na Uingereza katika Ufipa

Ushindani wa Ujerumani na Uingereza katika Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, ulitokana na kuinuka kwa Ujerumani, dola lililoungana mwaka 1871 na kuanza kutwaa makoloni mwaka 1884. Waingereza walihofia zaidi njia yao: koloni la Kijerumani lililopakana na Kongo liliziba ukanda wa kutoka Cape hadi Cairo ambao Mwingereza Cecil Rhodes aliutamani. Mkataba wa nchi hizo mbili wa tarehe 1 Julai 1890 uliweka mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukaishia Mto Kalambo. Wenyeji hawakuulizwa, Walungu wakajikuta pande zote mbili.

Wajerumani walijenga boma la Bismarckburg, yaani Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, magharibi ya Matai. Waingereza walikaa Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Ngome zote mbili zilikuwa na askari wachache, na kwa miaka mingi hazikupigana. Hapo tishio lilikuwa la kwenye ramani tu, mpaka vita vilipozuka Ulaya. Septemba 1914 Wajerumani waliishambulia Abercorn wakashindwa. Juni 1916 Waingereza waliiteka Bismarckburg, lakini askari wake walikuwa wameshatoroka usiku kwa njia ya ziwa. Mzigo mzito, kwa maana halisi ya neno, uliwaangukia wapagazi wa Kiafrika.

Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Mpaka wa 1890 ndio unaotenganisha Tanzania na Zambia hadi leo, na Kasanga imo katika Wilaya ya Kalambo, yenye makao makuu Matai.