Nyasi, Mabati na Joto la Saa Saba

Wengi hudhani Kisii haina joto. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi lazima sweta. Lakini ingia kwenye keja ya mabati au duka la kontena saa saba mchana, ndio utajua hujui.

Enyomba, nyumba ya Abagusii wa zamani, ilikuwa na kuta za udongo na paa nene la nyasi. Hewa iliyonaswa kati ya nyasi ilizuia joto. Adui yake alikuwa moto: mwaka 1905 na 1908, wanajeshi wa Uingereza waliadhibu Gusii kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe.

Mabati yenye mikunjo yalipata hataza London mwaka 1829, na Waingereza wakayauza ng'ambo kama nyumba za kufungua na kuunganisha upya. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo kama hiyo ikakaribia huku. Bati haliungui, na ukihama unalibeba. Ila ni jembamba: jua likilipiga, linageuka jiko juu ya kichwa chako.

Mimi naishi chini yake, na pesa ya AC sina. Nyasi nazo ni ngumu kupata. Mashamba ya Nyamira yamejaa chai. Kwa hivyo nimechagua dari, madirisha yanayotazamana na rangi nyeupe juu ya bati. Feni itangoja, maana chini ya bati tupu inazungusha joto lilelile. Dari inarudisha kile nyanya zetu walikuwa nacho bila bili ya stima: hewa iliyotulia kati ya jua na kichwa.