Tarehe ya cheo: Afisa wa jeshi la akiba Marekani adaipo siku zilizopotelea ofisini

KATIKA majeshi ya Marekani, siku ambayo afisa amepandishwa cheo ni mali kama mshahara wenyewe. Hiyo ndiyo huamua nani mkubwa kati ya mameja wawili waliosimama mlango mmoja, nani ataitwa kwanza mbele ya bodi ya uteuzi wa cheo kinachofuata, na hatimaye kila mmoja atastaafu kwa pensheni ya cheo gani.

Kwa afisa wa akiba jambo hili lina uzito wa pekee. Huyu ni raia mwenye shughuli zake mjini, mwalimu, daktari au mhasibu, ambaye kwa kawaida huvaa sare wikendi moja kwa mwezi na takriban wiki mbili kwa mwaka. Hayupo kambini kila siku kulifuatilia jalada lake. Karatasi zikilala juu ya meza ya karani fulani mbali na kwao, huenda zikalala muda mrefu kabla hajapata habari.

Yafaa kwanza kutofautisha tarehe tatu ambazo watu wengi huzichanganya. Kuna siku amri ya kupandishwa cheo ilipoandikwa na kutiwa sahihi. Kuna siku ambayo cheo kinaanza kutumika, nayo ndiyo inayobadilisha mshahara. Kisha kuna tarehe ya cheo yenyewe, inayohesabiwa katika kupima ukubwa wa afisa mbele ya wenzake. Aghalabu mbili za mwisho huwa siku moja. Zinapoachana, au zote zinaposukumwa mbele pasipo kosa la afisa, ndipo malalamiko huanza.

Sheria kuu inayosimamia mambo haya ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1994 na kuanza kutumika Oktoba 1, 1996. Iliweka muda wa chini wa kukaa katika kila cheo kabla ya kufikiriwa kupanda. Kapteni na meja, kwa mfano, hawana budi kutimiza miaka 3. Kwa hivyo afisa aliyecheleweshwa kupata umeja huanza kuihesabu miaka hiyo akiwa amechelewa, na kasoro ya mara moja ikamfuata hadi ngazi ya pili na ya tatu.

Mzizi wa kesi nyingi umo katika muundo wa jeshi lenyewe. Wanajeshi wa akiba wa Marekani wako wa namna mbili. Wapo walio chini ya serikali ya shirikisho moja kwa moja, na wapo Walinzi wa Taifa, ambao wakati wa kawaida huwa chini ya gavana wa jimbo lao. Afisa wa Walinzi wa Taifa hupandishwa cheo na jimbo, lakini Washington haihesabu cheo hicho mpaka kitakapopewa utambuzi wa shirikisho. Kwa mujibu wa sheria, siku ya utambuzi huo ndiyo cheo kinapoanza kutumika katika jeshi la akiba la taifa.

Kati ya siku ya jimbo na siku ya Washington kuna safari ndefu. Jalada huanzia kwa kamanda wa kikosi, likaenda makao makuu ya jimbo, likafika katika Ofisi ya Walinzi wa Taifa, kisha Wizara ya Jeshi, na kuishia kwa Waziri wa Ulinzi, anayetekeleza mamlaka ya Rais. Wa luteni kanali na walio chini yake huteuliwa na Rais pekee; kuanzia kanali kwenda juu lazima pia Baraza la Seneti liridhie. Katika kila kituo jalada laweza kurudishwa kwa sababu ya cheti cha uchunguzi wa afya kilichopitwa na wakati, kibali cha usalama ambacho hakijahuishwa, au kozi ya kijeshi ambayo afisa aliimaliza lakini haikuingizwa katika rekodi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Meja wa Walinzi wa Taifa anapandishwa na jimbo lake kuwa luteni kanali Februari 1. Utambuzi wa shirikisho unatoka Novemba 1 ya mwaka uo huo. Kwa miezi 9 jimbo linaweza kumwita luteni kanali ilhali Washington inamhesabu kuwa meja, na malipo ya shirikisho anayopata ni ya meja.

Tofauti ya mshahara wa miezi hiyo si kubwa sana, kwa kuwa afisa wa akiba hulipwa kwa siku anazofanya kazi. Hasara kubwa hujitokeza baadaye. Anayestaafu kwa hiari katika cheo cha luteni kanali au zaidi sharti awe amekitumikia kwa miaka 3 ndipo apewe pensheni yake. Mtu wetu akiondoka miaka 3 kamili baada ya Februari ile, akidhani ametimiza, hesabu ya Washington itaonyesha miaka 2 na miezi 3. Atastaafu kama meja. Sheria huwalegezea wale wanaotolewa kwa lazima kwa sababu ya umri au miaka ya utumishi, ambao huweza kukubaliwa wakiwa na miezi 6 tu katika cheo, lakini aliyeondoka kwa hiari yake hana kinga hiyo.

Na kwa kuwa pensheni ya akiba kwa kawaida huanza kulipwa mtu akifikisha miaka 60, huenda akalitambua kosa hilo wakati mvi zimekwisha kumjaa kichwani na makarani waliohusika wamestaafu zamani.

Njia ya kurekebisha ipo, na ina historia yake. Kabla ya 1946, mwanajeshi aliyetaka rekodi yake isahihishwe alilazimika kumwendea mbunge wake, naye akapeleka mswada wa kumhusu mtu mmoja huyo. Bunge lilielemewa na miswada hiyo. Katika sheria ya 1946 ya kulipanga upya, likawapa mawaziri wa majeshi mamlaka ya kusahihisha rekodi kupitia mabaraza ya raia. Mwaka 1951 iliongezwa idhini ya kulipa fedha zinazotokana na masahihisho hayo. Ni vyema kuzingatia neno raia: wanaokaa katika mabaraza haya ni watumishi wa kiraia wa wizara, wala si majenerali wanaohukumu jeshi lao wenyewe.

Jeshi la nchi kavu lina baraza lake, Jeshi la Wanamaji lake, na Jeshi la Anga lake. Mwombaji hujaza fomu iitwayo DD 149, bila ada. Wakili anaruhusiwa, lakini kwa gharama ya mwombaji. Maombi sharti yafike katika muda wa miaka 3 tangu kosa lilipogunduliwa, ingawa baraza laweza kusamehe ucheleweshaji likiona haki yataka hivyo. Kwanza, hata hivyo, mwombaji awe amebisha milango yote ya kawaida. Asiyeanza na ofisi ya utumishi hurudishwa huko.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Baraza huanza na dhana kwamba serikali ilifanya kazi yake ipasavyo, na ni juu ya mwombaji kuonyesha kinyume kwa ushahidi wenye uzito zaidi. Haitoshi kusema jalada lilikawia. Lazima ionekane lilikamilika lini, lilikwama wapi, na kwamba kukwama huko hakukutokana na yeye. Barua pepe ya karani anayekiri kulipoteza jalada ina thamani kuliko kurasa kumi za manung'uniko. Nakala ya amri ya jimbo, cheti cha kozi chenye tarehe, na barua ya kamanda anayethibitisha kwamba nafasi ya cheo hicho ilikuwa wazi, hizo ndizo silaha za afisa katika vita hivi vya karatasi.

Baraza hupata pia maoni ya ofisi inayohusika na kumpa mwombaji nakala ayajibu. Wengine huyapuuza, nalo ni kosa kubwa, kwa sababu mara nyingi ofisi hiyo hiyo iliyochelewesha ndiyo inayoulizwa kama kulikuwa na ucheleweshaji. Kesi nyingi huamuliwa kwa maandishi bila mwombaji kusimama mbele ya mtu yeyote.

Kwa Walinzi wa Taifa, Bunge liliongeza katika miaka ya karibuni kifungu kilichosema kwamba utambuzi ukicheleweshwa kupita kiasi, na kosa si la afisa, waziri angeweza kuirudisha nyuma tarehe ya kuanza kutumika kwa cheo, ila isitangulie siku ambayo jimbo lilimpandisha. Katika mfano wetu, kwa maneno hayo, Februari 1 ndiyo mwisho wa kurudi nyuma. Hata siku moja kabla ya hapo haiwezekani.

Kuna mpaka mwingine wa kikatiba. Kumteua afisa ni mamlaka ya Rais, na kuchaguliwa na bodi peke yake hakumfanyi mtu kuwa kanali. Mabaraza kwa hiyo huchukua tahadhari kubwa pale ambapo idhini ya Rais au ya Seneti haikuwa imetoka katika tarehe inayodaiwa. Wengi huvunjika moyo hapa, wakidhani kwamba jina likishatangazwa mambo yamekwisha.

Kesi ya afisa ambaye jina lake halikufikishwa kabisa mbele ya bodi kwa kosa la kiofisi ni tofauti. Huyo huundiwa bodi maalumu ya uteuzi, inayoliangalia jalada lake jinsi ambavyo lilipaswa kuonekana siku ile. Akichaguliwa, hupewa tarehe ya cheo na mshahara ambao angeupata laiti asingesahauliwa. Ni tiba kamili zaidi kuliko ile ya aliyecheleweshwa tu, jambo ambalo mwandishi huyu haoni mantiki yake.

Kichekesho ni kwamba dawa ya ucheleweshaji nayo huchelewa. Sheria inayataka mabaraza yaamue asilimia 90 ya maombi katika miezi 10, na mengine yasizidi miezi 18 isipokuwa kwa ruhusa ya waziri. Wakati huo wote bodi za uteuzi zinaendelea kukutana na wenzake wanazidi kupanda.

Uamuzi ukimfaa mwombaji, unaifunga idara yote ya serikali isipokuwa ukiwa umepatikana kwa udanganyifu, na ofisi ya fedha hutakiwa kukokotoa malimbikizo. Ukimkataa, aweza kurudi baraza lilelile akiwa na ushahidi ambao halikuuona, au kwenda katika mahakama ya madai dhidi ya serikali ya shirikisho, ambako madai ya mshahara hufungwa baada ya miaka 6.