Zamu ya Maji: Sisi, Watoto Wetu na Mchango wa Nyumbani



Kila msimu wa michango swali lilelile hutufikia kutoka kwa watoto waliozaliwa Uingereza na Marekani: kwa nini pesa ya baba iende kwa watu wasiowajua hata kwa sura? Wazee huku milimani nao wana lao: aliyesomeshwa na ukoo anawezaje kusema mshahara ni wake peke yake? Ugomvi huu umeshatenganisha nyumba kadhaa. Historia yetu ya Upare ina la kutusaidia.

Kuondoka nyumbani hakukuanza na ndege. Reli ya kutoka Tanga ilipita chini ya milima yetu ikafika Moshi mwaka 1911, na vijana wakateremka kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mkonge na mijini. Tangu hapo kila kizazi kimeulizana fedha ya aliye mbali ni ya nani.

Wengine hudhani wazee wetu walitoa tu bila kuhoji. Sivyo. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya kumpima kila mtu kwa kukadiria mali yake, iliyokuja kujulikana kama mbiru. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka hadi Same kuipinga, na wanawake wa Usangi nao wakaingia katika mapambano hayo. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa bila kuulizwa. Hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Umoja wao ulisimama juu ya makubaliano.

Tazama pia ndiva zetu. Maji hukusanywa usiku, yakafunguliwa mchana, na kila shamba likapata kwa zamu. Mahindi yanayoota shambani ni ya mwenye shamba, hakuna anayemdai. Lakini tope likijaa ndani ya ndiva, msaragambo huitwa, na asiyefika hutozwa faini. "Changu" na "chetu" vimekaa pamoja milimani muda mrefu, kila kimoja kikijua mpaka wake.

Ughaibuni mpaka huo umefichika. Kule mtoto wa miaka 18 ni mtu mzima kisheria. Anafundishwa kuamua mwenyewe, na mkopo wa chuo anausaini kwa jina lake. Mzazi anayelipwa kwa saa anatuma fedha za msiba, huku binti yake akisubiri ada. Binti haoni ukoo, anaona pengo mezani. Na bibi huku nyumbani haoni kodi ya pango wala bili ya umeme wa baridi, anaona simu isiyopokelewa. Wote wawili wanaumia kwa haki.

Kwa hiyo tunapendekeza tufanye kama kwenye ndiva. Familia ikae na kukubaliana: kiasi gani, kwa kazi gani, na mpaka lini. Vijana waonyeshwe hesabu na wapewe sauti, kwani mtu hatunzi ndiva asiyoijua. Anayetumiwa naye arudishe taarifa: risiti, picha, hata ujumbe mfupi wa shukrani. Aliyebanwa mwaka huu aseme, zamu yake itafika. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe lazima kionekane.

Mwaka huu tunachangia kuzibua na kujengea upya kingo za ndiva ya kijiji. Waliobaki nyumbani watatoa nguvu zao kwa msaragambo, walio mbali tunawaomba fedha za saruji na mabomba. Kabla ya kujaza fomu iliyo ukurasa wa mwisho, keti na watoto wako, uwaeleze maji hayo yanakwenda wapi. Kisha waulize wao wanasemaje. Mapato na matumizi yote yatasomwa hadharani kwenye mkutano mkuu, na kila aliyechanga, mkubwa kwa mdogo, ana haki ya kuuliza.