Kalibu: Jina la Kweli la Saa ya Mfukoni

Ukimpelekea fundi wa Kitale au Bungoma saa kuukuu ya mfukoni iliyokatika mhimili, atataka kujua mashine yake ni ya aina gani. Wengi wetu humsomea jina lililoandikwa usoni. Jina hilo halimsaidii sana. Mara nyingi ni la duka lililoiuza saa, si la kiwanda kilichoiunda. Hata kasha huweza kupotosha: Waltham na Elgin za Marekani ziliuza saa nyingi bila kasha, mnunuzi akajichagulia dukani kasha la kiwanda kingine. Kwa hiyo namba iliyogongwa ndani ya kifuniko ni ya kasha, na ukiitumia kuagizia vipuri utaletewa kisichoingia.

Kile kinachokaa ndani ya kasha, yaani kamani, magurudumu, mabamba na vito vyake, mafundi hukiita mashine. Kwa maandishi ninapendelea mtambo, kwa sababu neno hilo linabeba wazo la kitu kilichotegwa kikajiendesha chenyewe. Lakini mtambo hautoshi. Mitambo miwili ya kiwanda kimoja, yenye ukubwa uleule, yaweza kuwa na vipuri visivyoingiliana hata kidogo. Waltham ya modeli ya 1883 na ile ya 1892 zote ni saizi 18, ila ni miundo miwili tofauti. Muundo huo mmoja, wenye vipimo vyake na vipuri vyake, ndio unaohitaji istilahi, nami napendekeza kalibu.

Neno hili limo katika kamusi zetu tangu zamani, kwa maana ya chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo. Asili yake ni Kiarabu, qalib. Istilahi wanayoitumia watengeneza saa wa Ulaya kwa muundo wa mtambo nayo wanaisimu wengi huirudisha kwenye qalib hiyohiyo. Basi hatuna haja ya kutohoa upya. Kalibu ya saa ni umbo ambalo mitambo yote ya aina moja imetoka humo.

Huku magharibi mwa Kenya jambo hili lina watu wake. Reli ilifika Kitale, uliokuwa mji wa walowezi wa Trans Nzoia, mwaka 1926, na Bungoma iko kwenye njia kuu ya reli iendayo Uganda. Kazi ya reli haiendi bila saa. Si ajabu familia ikakuta moja katika sanduku la babu, na wajukuu wakatamani kuisikia tena.

Kuitambua kalibu huanza kwa kufungua nyuma taratibu. Makasha mengine hufunguka kwa bawaba, mengine kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Usilazimishe kwa kisu kabla ya kujua. Kwenye saa ya Marekani, namba ya mtambo imechorwa juu ya bamba lenyewe, na kwa orodha za kiwanda namba hiyo hutoa mwaka, saizi na modeli. Saa ya Uswisi haisemi waziwazi hivyo. Alama ya mwenye kalibu, pamoja na namba yake, mara nyingi hujificha chini ya gurudumu la mizani au upande wa uso, na huonekana tu uso ukitolewa. Hapo ndipo mtambo hupimwa kipenyo. Waswisi huhesabu kwa laini, na laini moja ni milimita 2.256, hivyo mtambo wa laini 19 ni karibu milimita 43. Wamarekani wana saizi zao: saizi 16 ni inchi 1.7.

Vipuri navyo havilingani kwa ugumu. Kamani huweza kupatikana hata bila jina, ukijua upana, unene na urefu wake. Mhimili wa gurudumu la mizani, ule unaovunjika saa ikianguka, hauna huruma: bila kalibu sahihi, fundi itambidi auchonge kwa mkono. Njia iliyo rahisi zaidi ni kununua saa mbovu ya kalibu ileile na kuitoa viungo. Lakini tazama kwanza kama yako ni ya mfumo wa Roskopf, saa ya bei nafuu iliyobuniwa miaka ya 1860 ili iuzwe faranga 20. Kwa nyingi za namna hiyo, gharama ya kutafuta kipuri hupita thamani ya saa, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo.

Ukishaipata kalibu, iandike kwenye karatasi pamoja na kipenyo na namba ya mtambo, uiweke pamoja na saa. Nanyi mafundi, iandikeni kwenye risiti ya kila saa mnayoifungua, ili atakayeifungua baadaye asianze upya.