Pasaka ni ya nani? Sikukuu mbili zilizotoka chimbuko moja

KWA Wakenya wengi, neno Pasaka lina maana moja tu: ibada ya Ijumaa Kuu, Jumapili ya kufufuka kwa Yesu na mapumziko ya Jumatatu inayofuata. Hata hivyo, katika Biblia ya Kiswahili neno hilo hilo ndilo jina la sikukuu iliyoadhimishwa na Waisraeli karne nyingi kabla ya Yesu kuzaliwa, na ambayo Wayahudi wangali wanaiadhimisha.

Kiswahili hakikukosea. Asili ya jina hilo ni Pesach la Kiebrania, lililopitia Kiaramu na Kigiriki kabla ya kusambaa duniani. Kiingereza na Kijerumani ni miongoni mwa lugha chache zilizoipa sikukuu ya Kikristo jina la kando.

Ujamaa huo wa majina unaficha swali zito. Je, mfuasi wa dini moja anaweza kuketi mezani pa mwenzake wakati wa sikukuu bila kumpokonya kilicho chake? Swali hili huulizwa sana nchini Marekani, ambako ndoa baina ya Wayahudi na Wakristo ni jambo la kawaida na ambako makanisa kadha huandaa karamu za Pasaka kwa mtindo wa Kiyahudi.

Usiku wa kutoka Misri

Pasaka ya Wayahudi huanza machweo ya jua, mwezi unapokaribia kuwa mpevu katikati ya mwezi wa Nisani, majira ya machipuko katika nchi za kaskazini mwa dunia. Huadhimishwa kwa siku saba nchini Israeli, na kwa siku nane katika jamii nyingi za Wayahudi wanaoishi kwingineko.

Kiini chake ni simulizi ya Kitabu cha Kutoka: utumwa chini ya Farao, mapigo kumi, damu ya mwanakondoo iliyopakwa milangoni, na safari ya ghafla ambayo haikuwapa watu nafasi ya kusubiri unga uumuke.

Usiku wa kwanza familia hukusanyika kwa karamu iitwayo sederi, maana yake utaratibu. Mezani huwapo mkate usiotiwa chachu uitwao matsa, mboga chungu za kukumbusha machungu ya utumwa, mchanganyiko mtamu wa matunda na njugu unaofananishwa na udongo wa kufyatulia matofali, mfupa wa kukumbusha kafara ya mwanakondoo, yai, na maji ya chumvi yanayowakilisha machozi. Vikombe vinne vya divai hunywewa kwa zamu, na mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na nyingine zote. Wazee humjibu wakifuata kitabu kiitwacho Hagada.

Walioketi hapo hawatakiwi kuisikiliza simulizi hiyo kama habari ya mababu pekee. Kila mmoja hutakiwa kujihesabu kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri.

Kwa jamii ya Abayudaya iliyoko karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wito huo una uzito wa pekee. Jamii hiyo, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka wa 1919, ilipigwa marufuku kufuata dini yake wakati wa utawala wa Idi Amin. Utawala huo uliangushwa Aprili 11, 1979. Jioni ya siku hiyo, Pasaka ilikuwa ikianza.

Karamu ya Mwisho

Yesu na wanafunzi wake walikuwa Wayahudi, na Injili zinamweka Yerusalemu wakati wa Pasaka. Mathayo, Marko na Luka wanaieleza Karamu ya Mwisho kuwa chakula cha Pasaka. Yohana anatofautiana nao: kwake Yesu alisulubiwa siku ya maandalizi, wakati wanakondoo walipokuwa wakichinjwa Hekaluni. Wataalamu wangali wanajadili tofauti hiyo, lakini mafundisho ni mamoja. Mapema kabisa, mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho akimtaja Kristo kuwa Pasaka yao iliyochinjwa.

Alama za uhusiano huo zingali makanisani. Kanisa Katoliki husoma maagizo ya mwanakondoo wa Pasaka jioni ya Alhamisi Kuu, na kisa cha kuvuka bahari katika mkesha wa Jumapili. Hostia yake huokwa bila chachu, ilhali Waorthodoksi hutumia mkate uliochachuka. Pentekoste nayo, siku ya hamsini, ilifuata sikukuu ya Wayahudi ya Majuma, iitwayo Shavuoti.

Hata hivyo, ni makosa kudhani kwamba Yesu aliketi katika sederi kama ya leo. Hekalu lilipobomolewa na Warumi mwaka wa 70, kafara ya mwanakondoo ilikoma kwa Wayahudi walio wengi, na marabi wakajenga upya maadhimisho kwa kuzingatia meza, simulizi na sala. Hagada iliendelea kukua kwa karne nyingi baadaye.

Kwa nini tarehe hazilingani

Wakristo wa kwanza wa Asia Ndogo waliadhimisha Pasaka siku ya 14 ya Nisani, sambamba na Wayahudi, hata kama haikuwa Jumapili. Roma ilishikilia Jumapili. Mwishoni mwa karne ya pili Askofu Victor wa Roma alitaka kuwatenga waliofuata desturi ya Asia, lakini Irenaeus wa Lyon akamsihi asiuvunje umoja kwa sababu ya tarehe. Mwaka wa 325 Mtaguso wa Nisea uliamua Wakristo wote waadhimishe siku moja, bila kutegemea hesabu ya Wayahudi.

Kanuni iliyokuja kutumika ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baadaye. Mwezi huo ni wa majedwali ya kanisa, si wa kuangaliwa angani. Ndiyo maana Pasaka ya makanisa ya Magharibi haiji kabla ya Machi 22 wala baada ya Aprili 25. Waorthodoksi walio wengi hukokotoa kwa kalenda ya kale ya Julius Caesar.

Wayahudi nao hufuata miezi ya mwandamo, wakiongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19 ili Nisani isiyahame majira yake. Hivyo, mwaka wa 2024 Wakristo wa Magharibi waliadhimisha Pasaka Machi 31, ya Wayahudi ikaanza jioni ya Aprili 22, na ya Waorthodoksi ikawa Mei 5. Mwaka wa 2025 Wakristo wa pande zote mbili walikutana Aprili 20, ndani ya siku nane za Pasaka ya Wayahudi iliyoanza jioni ya Aprili 12.

Majira ya hofu

Anayezungumzia kushiriki sikukuu hizi hana budi kukumbuka kwamba kwa karne nyingi wiki ya Mateso ilikuwa wakati wa hofu kwa Wayahudi wa Ulaya. Walishutumiwa kwa jumla kuwa wauaji wa Kristo. Baada ya kifo cha kijana mmoja mjini Norwich, Uingereza, mwaka wa 1144, ulizuka uzushi kwamba Wayahudi huwaua watoto wa Kikristo kwa ajili ya ibada zao. Uongo huo uligharimu maisha ya wengi, wakiwemo Wayahudi wa Trento, Italia, mwaka wa 1475.

Jumapili ya Pasaka ya Waorthodoksi, Aprili 19, 1903, ghasia zilizuka mjini Kishinev, ambao leo ni mji mkuu wa Moldova. Wayahudi 49 waliuawa. Mauaji hayo yanagusa historia ya Kenya: yalizidisha haraka ya kuwatafutia Wayahudi kimbilio, na Agosti mwaka huo Theodor Herzl aliwasilisha kwa kongamano la Wazayuni mjini Basel pendekezo la Uingereza la kuwapa ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu. Mpango huo, ulioitwa wa Uganda ingawa eneo lenyewe liko Kenya ya leo, ulikataliwa mwaka wa 1905.

Mabadiliko rasmi yalikuja baadaye. Papa Yohane XXIII aliondoa neno la kuwadunisha Wayahudi katika sala ya Ijumaa Kuu mwaka wa 1959. Oktoba 28, 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitamka katika tamko la Nostra Aetate kwamba mateso ya Yesu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo.

Meza ya pamoja

Aprili 4, 1969, mwaka mmoja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, Arthur Waskow aliandaa Sederi ya Uhuru katika kanisa la Wamarekani weusi mjini Washington. Wayahudi na Wakristo, weusi kwa weupe, walisimulia utumwa wa Misri pamoja na utumwa wa Marekani. Barack Obama, Mkristo ambaye babake alikuwa Mkenya, aliandaa sederi Ikulu ya Marekani kila mwaka kuanzia 2009 hadi 2016.

Wayahudi wengi huwakaribisha wageni kwa furaha. Kinachowaudhi baadhi yao ni kanisa kuandaa sederi lenyewe na kukipa kila chakula maana ya Kikristo, kana kwamba Wayahudi hawakuielewa sikukuu yao. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa onyo kama hilo mwaka wa 1988: sederi iheshimiwe jinsi ilivyo, isibatizwe.

Adabu za mgeni

Aliyealikwa asibebe mkate, keki wala bia. Hata chapati isiyo na hamira haifai, kwani unga wa matsa lazima uokwe kabla ya dakika 18 kupita tangu uguswe na maji. Wali huliwa katika baadhi ya jamii na kuepukwa katika nyingine. Maua ni zawadi isiyo na utata. Mgeni asishangae chakula kikichelewa, maana simulizi hutangulia.

Myahudi anayealikwa kanisani naye anaweza kuketi kwa heshima bila kupiga magoti wala kupokea komunyo, na mwenyeji asimshurutishe. Wapo pia ambao dini yao haiwaruhusu kuingia, na kukataa kwao si dharau.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Katika Pasaka, mwenyeji hupona pale mgeni anapokuja kusikiliza, kisha akaondoka akiiacha meza ikiwa ya wenyewe.