Chungu cha Watumwa na Afya ya Wajukuu

Mwalimu wa Kiswahili afunguaye kamusi ya Kiingereza cha Marekani hukutana na jamaa zake mahali asipowatarajia. Katika majimbo ya Kusini ya nchi hiyo karanga ziliitwa goober, na jina hilo latokana na nguba, ambalo ni jina la karanga katika Kikongo. Mchuzi mzito wa Louisiana huitwa gumbo, na wataalamu wengi wa asili ya maneno hulihusisha jina hilo na ngombo, yaani bamia, katika lugha za Kibantu za Angola. Maneno hayo hayakusafiri peke yake. Yalivuka bahari vinywani mwa watu waliofungwa minyororo, na pamoja nayo zilivuka mbegu za bamia, kunde na ufuta, na maarifa ya kulima mpunga. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mapishi yaliyozaliwa na safari hiyo yalivyopata kusifiwa kuwa ni chakula cha kuituliza roho, kisha yakalaumiwa kuwa yanafupisha maisha ya wayapendao.

Yafaa kwanza tujue wazee hao walikula nini. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, aliandika mwaka 1845 kwamba posho ya mtumwa kwa mwezi ilikuwa ratili 8 za nyama ya nguruwe, au samaki wa kadiri hiyo, na busheli 1 ya unga wa mahindi. Mengine iliwapasa watu kujitafutia wenyewe. Palipokuwa na nafasi walilima vibustani usiku na siku ya Jumapili, wakavua samaki na kufuga kuku. Mboga yao kuu ilikuwa ya jamii moja na ile tuiitayo sukuma wiki. Waliichemsha kwa muda mrefu pamoja na kipande kidogo cha nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, kisha wakachovya mkate wa mahindi katika supu yake. Desturi hiyo ilikuwa na hekima, kwani vitamini nyingi za majani huyeyuka katika maji, na mwenye kumwaga supu humwaga na faida yake. Nyama ilikuwa ya kutia ladha. Kitoweo chenyewe kilikuwa mboga na kunde. Kuku wa kukaanga na keki vilingoja Jumapili na sikukuu.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini njaa haikukoma. Wengi walikuwa wapangaji katika mashamba ya watu, na wenye ardhi walitaka pamba ioteshwe hadi mlangoni pa nyumba. Bustani zikapungua. Watu maskini, weusi kwa weupe, wakabakia na unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaenea ugonjwa wa pelagra, ambao huchubua ngozi, huharibu tumbo na kuvuruga akili. Wengi walidhani kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1915 Daktari Joseph Goldberger aliwapa wafungwa 11 wa kujitolea huko Mississippi chakula cha namna hiyo ya kimaskini, na baada ya miezi michache wasiopungua 6 wakapatwa na ugonjwa huo. Mwaka 1937 ikajulikana kwamba kilichopungua ni vitamini iitwayo niasini. Kwa hiyo, kasoro ya chungu cha Kusini haikuanza na wapishi. Ilianza na mfumo uliowanyima watu ardhi ya kupanda mboga.

George Washington Carver, ambaye mwenyewe alizaliwa mtumwa, alilitambua jambo hilo mapema. Alifika Tuskegee, Alabama, mwaka 1896, akawahimiza wakulima wapande kunde, viazi vitamu na karanga ili kurutubisha udongo uliochoshwa na pamba na pia miili iliyochoshwa na mahindi matupu. Mwaka 1916 alitoa kijitabu kilichoeleza njia 105 za kupika karanga. Waama, yeye ni miongoni mwa waliotangulia kuyatengeneza mapishi ya Kusini kwa ajili ya afya, na dawa yake ilitoka katika shamba lile lile.

Kati ya mwaka 1910 na 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni 6 walihama Kusini wakaenda katika miji kama Chicago, Detroit na New York. Huko mjini, kuku na keki za sikukuu vikawa chakula cha siku zozote, sukari na mafuta vikawa rahisi, na jasho la shamba likakoma. Katika miaka ya 1960 mapishi hayo yakapewa jina la heshima, yaani chakula cha roho, yakawa alama ya fahari ya watu waliodharauliwa. Lakini wakosoaji walitoka humo humo nyumbani. Elijah Muhammad alitoa mwaka 1967 kitabu cha kuwakataza wafuasi wake nyama ya nguruwe, na Dick Gregory, mchekeshaji na mtetezi wa haki, akaandika mwaka 1973 kitabu cha kuwahimiza watu wale mimea. Naye Edna Lewis wa Virginia akaonyesha mwaka 1976, katika kitabu chake cha mapishi, kwamba chakula cha kijijini kwao kilifuata majira na mazao mabichi ya shambani.

Hofu yao haikuwa ya bure. Kiharusi huua watu wengi zaidi katika majimbo ya kusini-mashariki kuliko kwingineko nchini humo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015, uliofuatilia watu wazima zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba waliozidi wenzao kwa kula vya kukaanga, nyama za kiwandani na vinywaji vya sukari walikabiliwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 56. Umaskini na uchache wa matibabu navyo vina sehemu yao katika maradhi ya Kusini. Hata hivyo sahani haiwezi kuachiliwa bila kuulizwa.

Hapo ndipo mgogoro ulipo. Bibi aliyewalea wajukuu kwa chungu hicho huona kwamba kukigusa ni kuitukana kumbukumbu ya waliokufa utumwani. Mjukuu aliyemzika baba yake kwa kiharusi huona kwamba kukiacha kilivyo ni kuongeza makaburi. Wapishi wengi wa leo wamepata njia ya kuwapatanisha. Katika mboga hutia bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi badala ya nguruwe, au vitunguu, pilipili na siki ili chumvi ipungue. Kuku humpaka viungo wakamwoka, na viazi vitamu, ambavyo vina utamu wake, huviondolea sukari ya ziada. Akitazama historia, bibi hana haja ya kuona haya: sahani yenye kunde nyingi, majani mengi na nyama kidogo yafanana na ya mamaye bibi yake kuliko ile inayouzwa mjini kwa jina la mila.

Nasi walimu tusilitazame jambo hili kama la ng'ambo tu. Kunde, bamia na sukuma wiki vimo katika masoko yetu, na katika miji yetu pia vibanzi na soda vimeanza kuvisogeza kando. Tunapofundisha majina ya vyakula darasani, tuwaeleze wanafunzi safari ya nguba na ngombo. Watu waliopokonywa hata majina yao waliyahifadhi maneno hayo kwa kuyapika kila siku, na mbegu zake wakazirithisha pamoja nayo.